Mwalimu wa Fizikia na Matone ya Kahawa

Mwalimu alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na tisa, na kisa hiki hukisimulia mwenyewe, tena harakaharaka, kabla mkewe hajamtangulia kukisimulia.

Kilianzia tumboni. Kahawa ya moto ilikuwa imeanza kumletea kiungulia, na mwenzake wa ofisi ya walimu, yule wa jiografia, akamshauri ajaribu kahawa ya kudondosha kwa maji baridi. Haina ukali, alisema, inateremka kama maziwa. Likizo ilipoanza, Mwalimu akanunua kifaa chake: chupa ya juu ya kutia maji na barafu, koki ndogo chini yake, kikombe cha katikati chenye tundutundu cha kuwekea kahawa iliyosagwa, na jagi la kupokea. Karatasi ya maelekezo aliitupa pamoja na boksi, maana mtu wa sayansi hafundishwi kumwaga maji.

"Hii nusu saa tu nitakuwa nimeielewa," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kusikiliza ahadi za watu mchana kutwa. Alisema, "Sawa," akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Mwalimu akabaki nyumbani na mama mkwe wake, nesi mstaafu, aliyekuja kungoja upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda pande zote mbili, watu anawaona kama vivuli. Siku nzima alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, redio ikinong'ona pembeni yake. Mwalimu alimheshimu mno. Hata chafya alikuwa akitoka nje kuipiga.

Siku ya kwanza alifungua koki kwa ukarimu. Maji yakapita kwenye kahawa kama yanayokimbilia gari, na baada ya dakika kumi jagi lilikuwa limejaa kitu chenye rangi ya maji ya kusuuzia sufuria. Akakinywa chote, kwa ukaidi. Siku ya pili akabana. Hadi adhuhuri alikuwa amepata kiasi cha kumezea kidonge.

Siku ya tatu akaja na saa na daftari. Alihesabu, akakaza, akalegeza, mpaka akapata tone moja kwa kila sekunde. Akaandika "60" na kuipigia mstari, kisha akaenda kunyoa ndevu huku akipiga mluzi. Aliporudi matone yalikuwa arobaini kwa dakika. Akarekebisha, akaenda kuanika nguo, akarudi akakuta thelathini na tano.

"Mwalimu," mama mkwe akaita kutoka kitini. "Samahani, si kazi yangu. Hiyo dripu yako inapungua."

"Si dripu, Mama. Ni kahawa."

"Naam. Lakini inapungua."

"Unga wake umesagwa laini mno, umeziba."

"Haya, baba," alisema yule mama, akaongeza sauti ya redio kidogo.

Mwalimu akanunua kahawa ya chengachenga. Matone yakapungua vilevile. Akaichemsha koki, akaipuliza, akaisugua kwa mswaki wa zamani. Alisogeza kifaa mbali na dirisha, kwa kuwa daftarini alikuwa ameandika, "Huenda ni joto la chumba." Siku ya tano alichoka akampigia simu dada aliyemuuzia, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa imelowa.

"Kifaa chenu kibovu," alisema. "Kinaanza vizuri, halafu kinalegea."

"Si kibovu, baba. Maji ya juu yakiwa mengi yanasukuma kwa nguvu. Yakishuka, msukumo nao unashuka. Kwa hiyo kila baada ya muda unafungua koki kidogo. Imeandikwa kwenye karatasi."

"Aa."

"Ni fizikia ya shule tu hiyo, baba. Au siku hiyo hukuhudhuria?"

Mwalimu alishukuru kwa adabu na kukata simu. Siku hiyo alihudhuria. Alihudhuria mara kumi na tisa, chaki mkononi, akichora ubaoni lile kopo lenye matundu matatu, na maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote. Kuna watoto aliowapa sifuri kwa kushindwa kueleza kwa nini.

Mlangoni redio ilikuwa imezimwa. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakimtikisika. Mwalimu alijaribu kukaza uso, ukamshinda, naye akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nimetundika dripu miaka thelathini na miwili. Sababu yake siijui, hiyo ni yenu wasomi. Mimi najua tu kwamba chupa ikishuka unarudi kwa mgonjwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni kahawa."

Basi akambebea kiti hadi mezani, akamshika mkono na kuuweka juu ya koki. Yule mama akainamisha sikio, akazungusha kwa vidole viwili, akatulia. Akasema kwanza kahawa iloweshwe, na juu yake kiwekwe kitu, kwani alisikia tone linachimba shimo mahali pamoja. Mwalimu akakata kiduara cha karatasi ya kuchujia, akakilaza juu. Wakakaa hapo tangu asubuhi hadi alasiri. Alisimuliwa habari za wodi, za daktari aliyeogopa sindano na mgonjwa aliyetoroka na shuka, na kila simulizi ilipofika patamu mama mkwe alikatiza, "Rudi kwa mgonjwa," naye akaenda kulegeza koki kidogo. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hawakuwahi kuongea hivyo.

Mkewe aliporudi kutoka kazini akapewa glasi. Ilikuwa nyeusi, laini, yenye utamu wa mbali. Alikunywa, akalamba midomo.

"Nzuri," alisema. "Kumbe nusu saa imeisha."

Wiki iliyofuata mama mkwe alipasuliwa jicho la kwanza. Siku ya pili bandeji ilifunguliwa, akaletwa nyumbani, na alipoingia tu alikwenda moja kwa moja jikoni. Akakitazama kifaa kwa muda.

"Ndiyo hiki? Kwa kelele za wiki nzima nilidhani ni mtambo."

Halafu akamgeukia mkwewe, akamtazama kuanzia juu hadi chini, bila haraka.

"Mwalimu, kumbe una mvi."

"Za siku nyingi, Mama."

"Na tumbo."

"Hilo ni la likizo."

Mama mkwe alivuta kiti, akakaa, akapokea glasi aliyomiminiwa, na akawa anainywa taratibu huku bado anamtazama, kama anayemlinganisha na yule aliyekuwa akimsikia tu.