Upande wa Nyuma wa Mafiga

Walikuwa wamekwisha kuitoka Katoyi, mtaa wao, wakati kamba ya chukudu ilipokatika mara ya pili, na Wenceslas Gisubizo, badala ya kushika gurudumu la ule mkokoteni wa mbao, akakumbatia mfuko. Watu waliojaa njia ya Sake wakampita huku na huku, magodoro kichwani, mbuzi wakiburutwa, na hakuna aliyeuliza kama mzee anataka msaada. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, 2012. Mji ulikuwa unaanguka mikononi mwa waasi nyuma yao na kila mtu alikuwa na haraka yake.

"Wengine wanabeba matela," Patricia akasema, sufuria kichwani, bila kugeuka. "Papa Wenceslas anabeba mashairi. Leo tutalalia beti."

Ndani ya mfuko zilikuwa nakala sitini za *Mafiga*, namba tisa. *Mafiga* lilikuwa gazeti la mashairi lisilokuwa na bwana: si la chama, si la kanisa, si la mzungu wa mradi. Walilianzisha watu watatu, ndiyo maana ya jina: Wenceslas, mwalimu wa shule ya msingi, Patricia, binti wa jirani yake, aliyetunga mashairi makali kuliko ya wote na kupiga stensili kwa taipureta, na Lionel, ambaye mwaka uliopita alivuka mpaka wa Bunagana kwenda Kampala, akaahidi kutuma mashairi, akawa anatuma picha zake. Figa moja likihama, chungu kinalala upande. Wale wawili waliobaki walikuwa wanapika hivyo hivyo.

Taabu yao kubwa ilikuwa karatasi. Namba tisa ilitoka kwa sababu Habarurema, mlinzi wa ofisi fulani ya misaada iliyokuwa inahama, aliwapa maboksi mawili ya liste za zamani za kugawa chakula. Upande mmoja majina ya wakimbizi, idadi ya watu wa kila nyumba, alama za vidole, na chini kabisa kashe ya zambarau, muhuri wa ofisi. Upande wa pili mweupe. Patricia alisema wapige mstari wa kalamu juu ya majina kabla ya kuchapa. Wenceslas akakataa. Wino wa biki unapenya, alisema. Mstari ungejitokeza nyuma ya mashairi, na yeye hakufundisha watoto miaka thelathini kuandika safi ili aje achapishe uchafu. Wakabishana siku mbili. Mzee akashinda.

Na kilichomsukuma kwenda kambi ya Mugunga hakikuwa mabomu peke yake. Kambini kule alikuwapo Domitille Mukantwari, mama wa milima ya Masisi, asiyejua kusoma, mwenye shairi kichwani: majina ya ng'ombe wake wote walioswagwa na wenye bunduki, mmoja mmoja, na tabia ya kila mmoja. Wenceslas alilinakili miaka miwili nyuma, amekalia bidoni la maji, akamwahidi kulitoa. Namba saba ikajaa shairi refu la Lionel. Namba nane ikaishiwa wino. Kila alipopita kambini mama yule alimuuliza tu, bila hasira, "Papa, ng'ombe zangu zingali njiani?" Swali lile lilimuuma kuliko tusi. Sasa alikuwa nao, ukurasa wa tano, na alikuwa ameapa kwamba mji uanguke usianguke, Domitille atawashika mkononi.

Walifika kambini wamelowa mvua. Kesho yake asubuhi akamkuta Domitille mbele ya kibanda chake anachambua maharagwe. Akamkabidhi nakala kwa mikono miwili, imekunjwa tayari kwenye ukurasa wa tano. Alikuwa amejitayarishia maneno machache. Hakuyasema, kwa sababu jirani, Annonciata, mwanamke aliyefika darasa la sita na kulikumbuka lote, aliinama, akageuza karatasi, akasoma upande wa nyuma.

"Nsanzimana Jean-Bosco, watu saba," akasoma. "Si ni bwana ya mama Héritière? Domitille, hii ni liste."

Neno hilo kambini halipigiwi ngoma. Kabla Wenceslas hajafumbua mdomo, wanawake walikuwa wamejipanga wenyewe, mstari umenyooka, wagonjwa na wenye mimba mbele, kama walivyozoea. Akaja Rodrigue, rais wa bloku, mtu wa sauti ndogo na buti kubwa.

"Muzee, kumbe liste iko kwako, ndani ya mufuko," akasema. "Tangu siku ngapi?"

Wenceslas akaeleza. Ni gazeti. Ni mashairi. Majina hayo ni ya zamani, ofisi iliyatupa. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Rodrigue alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole chini ya karatasi.

"Na hii kashe, ni ya mashairi?"

Watu wakacheka, na cheko lenyewe halikuwa na ubaya. Lakini huko nyuma mtu akasema walimu wa siku hizi wanauza hata nafasi ya njaa, na hilo likampanda kichwani. Akatwaa nakala nyingine, akapanda juu ya jiwe la volkano, akasema basi wasikilize, wataona kama hii ni liste. Akausoma ukurasa wa tano kwa sauti ya darasani.

Wakasikiliza. Hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye. Walisikiliza vizuri, vichwa chini, wanaume kofia mkononi, kama wanavyosikiliza ile sala ambayo wagawaji wengine huitanguliza kabla ya kufungua magunia. Bihogo, anayelamba chumvi mikononi mwa watoto. Gaju, anayeisikia mvua kabla ya watu. Gitare, mweupe, asiyekubali kukamuliwa na mwanamume. Alipomaliza wakasema amina. Kisha mama wa mbele akamwomba aanze majina.

Domitille hakusema amina. Alikuwa amekunja vidole, kimoja kwa kila ng'ombe, na viwili vilibaki vimesimama.

"Papa, Sine iko wapi? Na Bugondo?"

Wenceslas alijua waliko. Waliachwa sakafuni Katoyi, kwenye karatasi iliyofinyangwa. Shairi lilizidi ukurasa kwa mistari miwili, ukurasa wa sita ulikuwa wa Patricia, basi akawakata ng'ombe wawili wa mwisho. Hata aliona linasimama vizuri zaidi bila wao. Baba yake alikuwa katekista, hakufuga hata sungura. Akasema, sauti chini, kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

"Zile mbili ni mahari ya mutoto wangu Léonie," Domitille akasema. "Ukiziondoa, mutoto wangu aliolewa na nini? Na maneno?"

Hapo hakuna aliyecheka. Watu wa Masisi walimtazama. Ng'ombe akichukuliwa na askari, hiyo ni vita, inajulikana. Ng'ombe wa mahari kuchukuliwa na mwenye kalamu, tena rafiki, halikuwa jambo walilowahi kulisikia. Wenceslas akasema atasahihisha katika namba kumi. Yeye mwenyewe alisikia jinsi ilivyosikika.

Mama Héritière alikuwa amesimama pembeni, macho yake hayatoki kwenye ile karatasi. Mumewe alipotea mwaka ule ule ilipoandikwa liste, na nyumba yao iliungua na kila kilichoandikwa ndani yake. Domitille akachomoa kwa ukucha agrafe iliyobana kurasa, akang'oa ukurasa wa tano, akampa.

"Mama, unatoa shairi lako," Wenceslas akasema.

"Langu liko na ng'ombe kumi na liko kichwani. Hili la ng'ombe nane ni lako, papa. Nyuma yake kuna jina la mutu, na jina lile haliko pengine."

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Rodrigue akaamuru kila karatasi iende kwa wenye majina au ndugu zao. Patricia akauvuta mfuko bila kumuuliza mtu, akaanza kuchomoa agrafe. Alisema mara moja tu, "Nilikuambia tupige mustari." Wenceslas akaomba aachiwe nakala moja nzima. Rodrigue akauliza ina majina ya nyumba ngapi. Zilikaribia mia mbili. Basi achague mwenyewe, akasema, ni akina nani watakosa. Hakuchagua.

Wagawaji walikuja siku kumi na mbili baadaye, wakazikataa karatasi zote kwa kuwa zimepitwa na wakati, wakaandika liste mpya. Rodrigue alibaki rais wa bloku mpaka kambi ilipofungwa. Habarurema alifukuzwa kazi kwa ajili ya yale maboksi mawili. Patricia yuko Bunagana, anauza vitenge, hatungi tena, au anatunga na hasemi. Lionel yuko Kampala. Domitille alifariki mwaka 2015 bila kurudi Masisi, na Wenceslas alipata habari baada ya mazishi. Léonie anawajua ng'ombe wote kumi, hajakubali waandikwe. Namba kumi haikutoka. Jean-Bosco Nsanzimana hakuonekana. Mkewe alipeleka ile karatasi ofisi ya serikali kuomba hati ya kupotelewa na mume. Waliipokea kwa sababu ya kashe, wakaitoboa, wakaifungia ndani ya dosye, yaani faili, majina juu. Ni ukurasa wa tano pekee ambao Wenceslas anajua uliko. Amekwenda mara tatu kuomba auone. Wanamwambia yeye si wa familia.