Jalada la Yasinta

Evodia alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa majuma sita hakuwa na jambo jingine kichwani ila jarida. Mchana alichapa barua na kutoa kopi katika steshenari ya kaka yake Festo, pale Manyoni mjini. Kila mteja alipotoka, alirudi kwenye kompyuta kupanga kurasa za *Kiitikio*, jarida la muziki alilotaka lisomwe na wasichana wa rika lake. Toleo la majaribio lilipokamilika, alichapa nakala tano akazipeleka saluni kwa Scola, maana huko wasichana hukaa saa nzima wakisukwa bila la kufanya.

Alijifanya anasubiri zamu, akakaa kwenye benchi akiwatazama kwa jicho la pembeni. Jalada lilikuwa jeusi, lina mwanamuziki kijana wa miwani aliyemtoa mtandaoni. Msichana wa kwanza alifunua kurasa mbili akaliweka chini. Wa pili alilitumia kujipepea.

Aliyemwokoa ni Faith, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Alilipitia lote, halafu akauliza limetoka wapi. Evodia akakiri kwamba ni lake, akamwomba amwambie ukweli bila kumwonea haya.

"Hawa wote tunawaona kwenye simu kila siku," Faith akasema. "Sisi tuko wapi? Na maneno ya nyimbo mbona hamna? Mimi huwa nayanakili kwenye daftari mpaka mkono unauma."

Wenzake wakadakia. Mmoja alisema maandishi ni madogo kama ya karatasi ya dawa. Mwingine alitaka jarida la kuingia kwenye mkoba wa kwenda nao mazoezini. Evodia aliandika kila neno nyuma ya jalada lake mwenyewe. Alitoka pale nusu anatembea nusu anakimbia, akamweleza Festo yote kwa pumzi moja. Festo akauliza kama kweli yuko tayari kutupa kazi ya majuma sita. Alikuwa tayari.

Jumamosi alimfuata Yasinta, kiongozi wa kikundi cha wanawake wapiga muheme, zile ngoma ambazo mpigaji huzibana kwa mapaja. Alimwamkia shikamoo, akaeleza kilichomleta. Yasinta alishangaa: jarida la wasichana lingemfanyia nini mtu wa umri wake? Evodia akamwambia kwamba wasichana haohao ndio wanaojazana mbele akianza kupiga.

"Haya," Yasinta akasema. "Lakini usinisimamishe kama picha ya kitambulisho. Nipige nikiwa napiga."

Akabana ngoma, wenzake wakaingia, vumbi la uwanja likapanda. Evodia alipiga picha huku miguu yake yenyewe haitulii.

Jalada jipya lilikuwa na rangi ya udongo wa pale uwanjani. Yasinta alikuwa ametupa kichwa nyuma, na mikono yake ilikwenda kasi hata picha haikuweza kuidaka. Jarida lenyewe lilipungua likawa na ukubwa wa daftari. Katikati palikuwa na wimbo mzima wa kwaya ya kina Faith, herufi kubwa, sauti ya kwanza kwa nyekundu, ya pili kwa buluu.

Safari hii nakala hazikufika mezani. Zilinyakuliwa mlangoni mwa saluni. Faith alianza kuimba sauti ya pili akifuata mistari ya buluu, na msichana aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa akadaka ya kwanza. Scola akaacha kitana kwenye nywele za mteja, akasogea naye asome.

Halafu Evodia akasikia karatasi ikichanika. Msichana mmoja alikuwa ameung'oa ukurasa wa kati, akasema anakwenda kuubandika ukutani chumbani kwake.  Evodia akamwuliza ingekuwaje kama ukurasa huo ungekuwa na vitobo pembeni, ili utoke bila kuchanika. Msichana akajibu kwamba angeng'oa kila mwezi.

Evodia akampigia Festo simu palepale, amwambie asizime kompyuta. Ilimbidi arudie mara tatu, maana saluni nzima ilikuwa inaimba.