Soma Polepole, Isobel

Jumamosi ya pili ya Agosti, saa nane mchana, Verna Loucks alifunika keki zake za siagi kwa kitambaa zisiingiwe na nzi, akafungua kiti chake ukingoni mwa mto. Isobel Merkley, jirani yake wa zamani, ambaye riwaya zake husomwa Kanada nzima na ng'ambo, alivaa miwani akaanza kuwasomea wanakijiji wenzake wa zamani kitabu alichoandika kuhusu kijiji chao, kilichozamishwa miaka arobaini nyuma kupisha bwawa la umeme.

Alipomaliza aya ya kwanza, maji yalirudi nyuma hatua tano. Watu wakasogeza viti. Aya ya pili ilitoa ngazi za kanisa. Ya tatu, duka la nyuzi na mlango wake wa kijani. Kila alichokitaja Isobel kilibaki nchi kavu.

"Mbwa wetu hujamtaja," alilalamika mzee Orval.

"Mbwa wenu alikuwa mwizi. Subiri sura ya sita."

Verna alivua viatu, akashuka. Kampuni ya umeme ilikuwa imewaapia kwamba makaburi yote yalihamishiwa mlimani, na huko ndiko alikokuwa akimpelekea maua Carol, bintiye aliyefariki akiwa na miezi mitatu. Sura ya nne ilipofika makaburini, Carol alikuwa pale pale alipomlaza, amezungukwa na kokoto nyeupe alizozipanga kwa mkono wake. Hapakuwa pameguswa na jembe. Kilichohamishwa ni jiwe lenye jina.

Verna alipiga magoti. Ukingoni watu walisimama, wanaume wakavua kofia.

"Isobel! Soma polepole, dada," Verna aliita.

Isobel alisoma polepole mpaka sauti ikamkauka. Ofisa wa kampuni, aliyekuja kupima maji, akashuka na faili, akalitazama kaburi.

"Mama, kwenye kumbukumbu zetu huyu alishahamishwa."

"Mwenyewe huyu hapa. Mwambie."

Ofisa alifungua faili. Kisha akaandika kwamba kina cha maji ni cha kawaida.

Kitabu kiliisha jua likizama. Mto ulirudi, kwanza vifundoni, kisha magotini, na Orval akamshika Verna mkono akampandisha. Barua ya kampuni iliyokuja baadaye ilisema hakuna aliyeachwa chini.

Theluji ilipoanza, Isobel alimpigia Verna simu. Alikuwa ameanza kitabu kingine, cha makaburini tu.

"Kitakuwa na kurasa ngapi?"

"Kama mia nane hivi."

"Ongeza," alisema Verna.