Dumu la Lita Tano na Mwiko wa Harusi

Nalala na dumu la maji mkononi. Usingizi wa mchana, haukuomba ruhusa, maana sebule imejaa, wanawake kumi wanachambua mchele wa harusi ya Saumu, binti wa kaka yangu, na kumchambua bwana harusi pia, na mimi ukutani nakunja kiwiko, nakunjua, nakunja, kama nilivyofanya wiki sita tangu nifunguliwe plasta ya mfupa uliovunjika, kwa sababu mkono ulitoka humo umekonda kama wa kuazima, na kesho mwiko wa pilau ama ni wangu kama siku zote, ama ni wa wifi yangu Mwanahamisi, aliyeumezea mate miaka ishirini. Nakunja, kope zinashuka, ukuta nilioegemea unafunguka, naingia kinyumenyume.

Ni barabara isiyokwisha, nyumba zake zote vioo, na katika kila kioo niko mimi nimetunisha mkono, na mkono umenona! Hee, Tunu wewe, najisemea, kesho watakoma. Natembea nikatangaze, lakini mtaa unageuka, kila nikikata kona narudi palepale penye mkono wangu, kwa mbele, kila mara kwa mbele. Anakuja mtu hana uso, amevaa fulana ya Kocha Shomvi, jirani yangu anayefundisha kunyanyua vyuma uani kwake. Harusini ni wapi, baba? Anajibu, Nyumba moja ina wenyeji wawili. Mdogo yuko barazani, kila siku unampelekea chai. Mkubwa yuko uani. Umempa nini? Mimi nimeuliza njia, namwambia, sikuuliza habari za watu, ingawa kusema kweli habari za watu nazipenda. Ananigeuza. Vioo vyote vinageuka nami, na nyuma ya mkono naona ngozi inaning'inia kama foronya isiyo na mto. Hapo namkumbuka Shomvi mwenyewe, siku moja aliponiambia kutoka upande wa pili wa ua: Bi Tunu, kukunja kunalisha mbele tu, msuli mkubwa uko nyuma, ndio unaosukuma, pandisha dumu juu ya kichwa, lishushe nyuma ya shingo, lipandishe tena. Nilicheka. Zoezi lile liliuma, na huko nyuma nani angeona?

Barabara inaishia kwenye sufuria pana kama bwawa. Wageni wamekaa safu kwa safu, hawana nyuso, wananong'ona, na sauti zao zote ni yangu, maneno yote ni yale niliyowahi kuwasema wengine. Nauvuta mwiko, unakuja. Nausukuma, hauendi. Chini wali unashika. Nikianza leo? namlilia yule mtu. Aliyelala njaa wiki sita, anasema, anashiba kwa sahani moja?

Nashtuka. Dumu liko juu ya kichwa changu, kiwiko kinatazama dari, na sijui nani kaliweka huko. Nyuma ya mkono panawaka. Mkeka mtupu, sebule kimya, nasikia harufu ya wali unaoungua, na mlangoni kasimama mtu, jua liko mgongoni kwake, uso siuoni. Wifi, anasema, mwiko huu hapa, utauweza? Kesho imefika au bado, sijui. Nautazama mkono wangu, safari hii kwa nyuma. Shika wewe, namwambia, mimi nitakaa karibu nikuelekeze.

Na sijui nimemwambia yupi kati yao, Mwanahamisi au yule asiye na uso.