Ukuta wa Bi Harusi

Mshonaji alikuwa anapiga pindo la sare ya shule, pini midomoni, ukuta wa chumba chake ulipoanza kupauka. Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Rangi ya kijani aliyopaka mwenye nyumba ilififia kwanza, ikawa kama chai iliyozidi maziwa, kisha matofali yenyewe yakafuata. Alipomaliza pindo na kukata uzi, aliweza kuona jiko la jirani: ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sinia, kalenda ya mwaka uliopita, na mke wa jirani ameinama akichambua maharage.

Mama mkwe wake, aliyekuwa amejinyoosha kitandani, aligeuza kichwa.

"Ukuta umekuwa kioo," alisema.

"Naona, mama."

"Basi ufute. Una vumbi upande huu."

Mshonaji aliufuta kwa kitambaa kibichi. Upande wa pili jirani naye aliinuka, akachukua kitambaa, akafuta kwake. Mikono yao ilipita mahali pamoja mara kadhaa.

Jirani huyo jengo zima lilimwita Bi Harusi, kwa kuwa harusi yake ndiyo ya mwisho kufanyika pale uani, na watu walikula wakasaza. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa watu. Hapakuwa na soketi jengoni ambayo hakuwahi kuigusa. Ukimwita kwenye mvua anakuja, anatengeneza, anakataa hata chai. Aliporudi jioni ile aliukagua ukuta kwa makini, maana sasa waya zilionekana ndani yake, zimesimama wima kama mishipa ya mkono.

"Mnaona?" aliwaambia waliokuja kutazama. "Kazi yangu hiyo. Hakuna waya uliokwenda kombo."

Watu walikubali kwamba kazi ilikuwa safi.

Jengo lile lilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Fundi umeme alipoanza kumpiga mkewe, aliyesikia kwanza aliongeza sauti ya redio. Wa chumba cha pili aliisikia redio hiyo, akaongeza yake, na wa juu yake vivyo hivyo, mpaka jengo zima likawa linasoma taarifa ya habari. Walisema huko ndiko kusitiriana. Asubuhi yake kila mtu alimsalimia Bi Harusi kwa uchangamfu kuliko siku nyingine, macho yakiwa kwenye mtandio wake, si kwenye shavu. Mpangaji mmoja mgeni aliwahi kumuuliza amefanya nini usoni. Wenzake walimweka kando wakamfundisha adabu.

Jumatatu fundi umeme alikuta shati lake halijapigwa pasi. Umeme ulikuwa umekatika kutwa nzima, ukarudi magharibi ile, na Bi Harusi alimweleza hivyo. Mume alivua saa yake, akaiweka mezani isije ikavunjika, akaanza.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaongeza redio. Watu wa juu wakaongeza za kwao. Lakini redio haifuniki macho. Cherehani ilikuwa imewekwa mkabala na ukuta ule tangu mshonaji aolewe, na mumewe, dereva wa safari ndefu, hakuwapo kuihamisha. Mshonaji aliona yote kwa ukaribu ule ule anaoonea tundu la sindano. Bi Harusi hakupiga kelele. Alimtazama mshonaji. Mshonaji akainuka, akaugonga ukuta kwa kiganja.

Fundi umeme aligeuka. Alimwona mama mzee kitandani, akashusha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za kutwa?"

"Nzuri tu, mama."

Kisha akaendelea.

Mwenyekiti wa jengo, mwalimu mstaafu, aliitisha kikao uani jioni iliyofuata. Bi Harusi ndiye aliyepanga viti. Fundi umeme alikaa mbele, shati lake limepigwa pasi.

"Ajenda ni moja," alisema mwenyekiti. "Ukuta."

"Ajenda si ukuta," alisema nesi wa ghorofa ya juu. "Huyu anampiga mkewe. Tulikuwa tunajua, sasa tunaona. Mnangoja mpaka paa nalo liwe kioo?"

"Nesi, taratibu."

"Taratibu ipi tena, mwalimu? Nyusi hiyo hapo nimeishona mwenyewe."

Muuza mkaa aliinua mkono. Alisema yeye anaheshimu haki za kila raia, ila ndoa ni ya wawili. "Na nesi hana mume. Ya ndoa atayajuaje?"

"Na wewe huna ng'ombe. Mbona maziwa unayajua?"

Watu walicheka. Fundi umeme naye alicheka.

Mama wa chumba cha mwisho alisema angependa kutoa maoni, lakini soketi yake bado inatoa cheche, kwa hiyo atatoa wakati mwingine. Mzee mmoja alisema nchi hii imeharibiwa na watu wa kuchungulia. Mwanamke aliyeuza nguo za mitumba alisema binti yake alikuwa kwenye ndoa ya namna hiyo, naye alimwambia avumilie, na mpaka leo anajuta. Mwenyekiti alimuuliza anajuta nini hasa. Alisema anajuta kumwozesha mbali, kwa sababu alipofika walikuwa wameshazika. Kikao kilimpa pole, kikaendelea.

Ndipo fundi umeme aliposimama.

"Ndugu zangu, mimi simlaumu mtu. Lakini semeni kweli, hapa aliyevunjiwa heshima ni nani? Nakula, naonekana. Nalala, naonekana. Hata mnyama ana kichaka chake."

Wengi walimwonea huruma. Mmoja alimpisha ajiegemeze kwenye nguzo.

Nesi alimgeukia mshonaji. "Mama Vifungo, wewe ndiye uliye mkabala. Wewe umeona. Sema."

Viti havikutosha, kwa hiyo Bi Harusi alikuwa amesimama kando ya pipa la maji. Aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Kwa jingine alimtazama mshonaji.

Mshonaji alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga tangu alfajiri huku akiendesha cherehani, moja baada ya jingine, na yalikuwa mazuri, yalikuwa yametimia. Alisimama. Alimwona mama mkwe wake akikaza macho. Aliwaona watu aliowashonea sare, vitambaa vya meza, sanda. Wote walikuwa wameinamisha vichwa kidogo, kama watu wanaomsubiri mtu apite.

"Kwa pazia, kitambaa kizito ndicho kitakachofaa," alisema. "Chepesi kitaonyesha."

Kikao kilipiga makofi. Mwenyekiti alisema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta toka mwanzo, suluhisho lisilomuumiza mtu. Nesi alichukua kiti chake akapanda nacho ngazi, kikigonga kila kipandio.

Kazi ambayo mshonaji angeimaliza kwa siku moja ilimchukua wiki. Fundi umeme aliinama karibu na ukuta mara kwa mara, akauliza kwa upole pazia limefika wapi.

"Bado pindo," mshonaji alimjibu. Siku nyingine alisema uzi umekwisha. Siku nyingine, sindano imevunjika, na kweli aliivunja. Kila kipigo kilipoanza upande wa pili alisimamisha cherehani, akaweka mikono mapajani, akatazama mpaka mwisho. Hakugonga tena. Alikuwa ameshajua kugonga kunaleta salamu.

Siku ya mwisho alishughulikia upande wa nyuma. Alificha kila fundo, akakata kila uzi, akapiga pasi kana kwamba ndio wa mbele.

"Nyuma unahangaika napo ya nini?" mama mkwe aliuliza. "Nani atapaona?"

Mshonaji aliendelea kupiga pasi.

Fundi umeme alikuja mwenyewe na drili kufunga fimbo. Alitoboa kwa uangalifu, asiguse waya. Pazia likateremka mpaka sakafuni. Lilitundikwa upande wa mshonaji, kama kikao kilivyoamua. Kuhusu upande wa pili kikao hakikuwa kimeamua kitu, kwa hiyo kule ukuta ulibaki wazi. Bi Harusi akisimama jikoni kwake aliona kitambaa cha kahawia kutoka pembe hadi pembe, na mishono iliyonyooka, isiyo na uzi hata mmoja unaoning'inia.

Ijumaa ukuta wa muuza mkaa ulianza kupauka. Alimletea mshonaji vipimo asubuhi hiyo hiyo. Wengine wakamfuata, na mwenye nyumba akaanza kuwaambia wapangaji wapya waje na kitanda, jiko na mapazia.

Jioni hiyo kwa Bi Harusi kipigo kilianza mapema. Mama mkwe alitega sikio kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Hata sauti kimepunguza."

Mshonaji akasema ahsante.