Askari wa Mlangoni Apaa

Fanuel alikuwa akimfungulia mlango mama mmoja mwenye mizigo mingi wakati jasho lilipoanza kumtoka. Kiyoyozi cha hoteli kilivuma kama kawaida, na nje mtaa wa Al Rigga, Dubai, ulikuwa ukiamka. Vidole vilimtetemeka, moyo ukaenda mbio, njaa ikambana ghafla. Kisha visigino vikaachana na sakafu, vidole vya miguu vikafuata, akabaki ananing'inia hewani kiasi cha shibiri moja.

"Mzee Thuwein," aliita, "sukari imeshuka tena."

Mzee Thuwein, Mzanzibari aliyewakaribisha wageni kwa kahawa na tende, hakuinua macho kutoka kwenye dele lake la kahawa.

"Naona. Jana hukufika hapo."

"Nipe tende mbili, mzee wangu."

"Za wageni hizo, mwanangu. Nikikupa, mimi ndiye nitakayepaa, tena mpaka Unguja, na viza yangu ikatwe."

Sinia la tende lilikuwa karibu na Fanuel kiasi cha mkono kulifikia, lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kuligusa. Sindano yake ya insulini alijichoma kambini walikolala wafanyakazi, kabla ya kupanda basi, kwa kuwa askari hawakuruhusiwa kuingia ukumbini na mikoba. Baada ya sindano ilimpasa ale mara moja. Siku ambazo wageni walikuwa wengi, hakula mpaka mwenzake aje kumpokea, na mwenzake alikuja alipotaka.

Mtoto wa yule mama alimpiga picha, akaisambaza mtandaoni. Kufikia adhuhuri, watu wasiolala hotelini walikuwa wakiingia kuuliza yule askari anayepaa yuko wapi.

Kesho yake, Fanuel alipopaa tena, meneja, Madam Lamees, alishuka ukumbini mwenyewe. Alizaliwa Deira, mjini humo humo, kwa wazazi wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini kama halua. Alileta glasi ya maji ya machungwa na kamba nyekundu ya mahameli, ile ya kuwapangia wageni foleni. Kamba aliifunga kwenye kifundo cha mguu wa Fanuel. Glasi alibaki nayo mkononi.

"Subiri kidogo, baba. Basi la watalii li njiani. Wakishapiga picha, utakunywa."

"Madam, daktari alisema nikianza kutetemeka nisingoje. Ninywe kitu kitamu papo hapo, nipumzike robo saa, nipime, halafu nile chakula."

"Daktari hana hoteli," alisema Madam Lamees.

Ikawa desturi. Fanuel alijaribu kuacha sindano. Sukari ikapanda, kiu ikamkausha koo, na miguu ikawa mizito hivi kwamba watalii walimzunguka kama nguzo na kudai warudishiwe fedha zao. Madam Lamees hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba mtu asiyejali afya yake hawezi kulinda mlango wa watu.

Basi akaendelea kujichoma, na kungoja, na kupaa. Kliniki walimwonya kwamba mwili unaoshushwa sukari kila siku huchoka kupiga kelele, jasho na mtetemeko visije tena kuonya. Wakampa sindano ya dharura ya kupandisha sukari, ya kuchomwa na mtu mwingine endapo atazimia. Madam Lamees aliifungia katika droo ya ofisi yake, isije ikapotea.

Asubuhi moja Fanuel alikuwa akibishana na Mzee Thuwein kuhusu penalti. Hakutoka jasho. Hakutetemeka. Alisema, "Ile haikuwa penalti, mzee, ile ilikuwa, ile, ile," akacheka peke yake, akamtukana mtalii kwa Kiluhya, na alipokwisha kutukana kichwa chake kilikuwa kimegonga taa kubwa ya vioo. Macho yakajifumba. Watalii wakashangilia.

Madam Lamees aliinua glasi.

"Aliyezimia hanyweshwi, madam, atapaliwa," alisema Mzee Thuwein. "Mwenyewe aliniambia. Ni ile sindano iliyo ofisini kwako, na ambulensi."

"Ambulensi mlangoni itawatisha wageni. Sindano nitaileta. Kwanza na wale wa nyuma wapige picha."

Wa nyuma wakapiga. Kisha wahudumu wakamvuta Fanuel kwa kamba, Mzee Thuwein akamchoma pajani, wakamlaza ubavu nyuma ya kaunta. Alizinduka, akatapika kwenye ndoo ya miavuli, akauliza kama zamu yake imekwisha.

"Bado," alisema Madam Lamees. "Lakini leo umepanda vizuri sana. Hutetemeki tena. Zamani picha zilikuwa zinatoka na ukungu."

Akamwachia anywe glasi nzima, maana watalii walikuwa wamekwisha kuondoka.

Wiki iliyofuata ilinunuliwa kamba ndefu zaidi, na kijana mwingine akaajiriwa kufungua mlango, kwa sababu Fanuel hakuufikia tena. Tangazo la kazi hiyo lilisema wenye kutumia insulini watafikiriwa kwanza.

"Fanuel," aliita Mzee Thuwein asubuhi moja ya wiki hiyo, bila kuacha kumimina. "Miguu."

Fanuel akatazama chini. Sakafu ilikuwa mbali. Hakuwa amehisi kitu.

"Aa," alisema.

Basi la watalii lilikuwa halijafika. Mzee Thuwein alichukua sinia la tende, akapita nalo chini ya soli za viatu vya Fanuel, akawakaribisha wageni.