Mlituambia Tuache Shamba Safi

Afisa ardhi alikuwa akichokonoa meno kwa pembe ya fomu. Alitoa kipande cha nyama, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Mama Mbegu alikuwa amesimamishwa mbele ya meza tangu asubuhi.

"Bibi, ramani inasema pori. Pori halina makaburi."

"Tulikuwa kaya arobaini, mwanangu. Serikali yenyewe ilituleta tufyeke. Mume wangu ndiye aliyeangusha mti wa kwanza, na amelala palepale. Shamba silitaki. Nataka nimtoe kabla matrekta ya kampuni hayajamfikia."

"Haya, nionyeshe hata tofali moja."

Tofali! Alitamani kumtemea mate. Agizo la kuhama lilipotoka, ofisi hii hii iliwataka waache shamba safi, nao wakaona fahari. Walikuwa watu wa kazi, si wa kuachia wenzao takataka. Walibomoa nyumba zao wenyewe na kubeba matofali yote. Walifukia kisima ng'ombe wa watu wasije wakatumbukia. Hata makaburi waliyasawazisha, wakafagia. Siku ya ukaguzi walipigiwa makofi, wakavimba vichwa. Wajinga sisi, aliwaza, tena wajinga wenye bidii.

"Mlituambia tubomoe."

"Una barua?"

"Mlitutangazia kwa kipaza sauti."

Afisa alicheka mpaka tumbo likasukuma meza. "Basi nikusaidie, maana wewe ni kama mama yangu. Weka dole gumba hapa, nikupe kibali cha kuingia."

"Pameandikwa nini?"

"Kwamba hujawahi kuishi kule. Kampuni haitaki wadai, inapokea wageni."

Aliweka dole gumba. Alijichukia hata kabla wino haujakauka.

Kesho yake, mlinzi kwenye geti la shamba alikisoma kibali mara mbili. "Mgeni hachimbi, bibi. Hapa wamekuruhusu kutazama tu."

"Hatua kumi na nne kutoka kwenye lile jiwe. Niache nifike, baba, nakuomba."

Trekta lilikuwa limeshalipita jiwe. Likasimama. Dereva alishuka, akachomoa kitu kilichonasa kwenye jembe, akakitupa kando, akajifuta mikono kwenye suruali na kupanda tena. Mama Mbegu alipiga ukelele.

Mlinzi alimvutia kiti, akakipangusa vumbi kwa kofia yake.

"Kaa, bibi. Wageni wote hukaa hapa."